"Please cut down on young trees": mnunuzi anatuambia tukate au tusikate? Wa Mafinga na wenye Kiingereza njooni

#1 Msindano_Mmoja
Kamwene wakuu.
Tuna kikundi cha wakulima wa miti huku Mufindi, vijiji vya nje ya Mafinga. Tumepata mnunuzi wa nje na tumeanza kumuuzia mbao. Juzi kaleta barua pepe ndefu, habari za bei, mbao zikaushwe vipi, 2 kwa 4 ngapi na 2 kwa 6 ngapi. Kwenye hayo tulielewana. Mwishoni kachomeka hii: "Please cut down on young trees this season."

Mwenyekiti kasoma, akasema jamaa anataka miti michanga, tukaikate. Katibu akabisha, eti anatuambia tupunguze. Mhazini, ambaye huwa haongei, akauliza tupunguze miti au tupunguze kukata? Kikao kikafia hapo. Mwenye dingdong, ile mashine ya kupasulia mbao, anakuja Jumatatu na anauliza aifunge shamba lipi, la miti mikubwa au lile la juzi juzi. Mwenye Kiingereza cha uhakika atusaidie.

#2 Mbao_Mbichi
Hili nalo la kufungulia uzi? Cut ni kata. Down ni chini. Mti unakatwa unaenda chini. Mwenyekiti wenu ana akili, mfuateni.

#3 Ticha_wa_Ipogolo
#2 ungekuwa darasani kwangu ungemaliza kipindi umesimama.

Hapo kuna vitu viwili vinavyofanana sura. "Cut down" ikifuatwa na mti moja kwa moja ni kuangusha: "cut down the tree." "Cut down on" ni kupunguza: "cut down on sugar", kupunguza sukari. Sukari huwezi kuiangusha kwa shoka. Kazi yote inafanywa na hiyo "on".

Ukitaka kuhakikisha, jaribu kukipeleka kile kitu katikati. "Cut the tree down", inakubali. "Cut it down", inakubali. Sasa jaribu "cut sugar down on". Inagoma. Na baada ya "on" linakuja jina la kitu au kitenzi chenye -ing: "cut down on smoking." Vijana wangu wa kidato cha pili wanaandika "cut down on to smoke", na hapo ndipo maksi zinapoondoka.

Kwa hiyo katibu kapatia. Mnaambiwa mpunguze.

#4 Chapa_Nyuki
Ticha ukikata maksi, ni cut down au cut down on? 😂

#5 Mwinjilisti_Njombe
Namuunga mkono Ticha, na ushahidi upo kwenye Maandiko. Luka 13, mfano wa mtini. Mwenye shamba amekuja miaka mitatu kutafuta matunda, hakuna. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema "cut it down". Hiyo "it" imekaa katikati kama alivyoeleza mwalimu. Ya kwetu inasema "uukate". Hakuna "on" hapo, na hakuna kupunguza. Ule mti ulikuwa unaondoka mzima.

#6 Chapa_Nyuki
Mwinjilisti malizia na yule mtunza shamba. Si aliomba auachiwe mwaka mmoja zaidi, aupalilie na kuutilia samadi? Huenda huyo mzungu naye ndicho anachowaombea Mafinga.

#7 Bwana_Miti
Subirini kwanza kabla hamjampelekea mwenye dingdong hilo jibu la "punguzeni".

Mimi kazi yangu ni misitu. Ticha kaeleza vizuri kwa upande wa Kiingereza, shida ipo kwenye Kiswahili chake. Kwa mtu wa miti, "kupunguza miti" ni kazi inayofanywa kwa msumeno. Ukipanda kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta moja inaingia miche 1,111. Ikishakua inaanza kugombania mwanga. Unaingia shambani, unaangalia juu kwanza siyo chini. Mti ambao kilele chake kimemezwa na wenzake unaupiga alama. Uliopinda, alama. Wenye vichwa viwili, alama. Halafu vibarua wanapita wanaangusha zenye alama ili zinazobaki zinenepe. Hiyo ndiyo kupunguza, na Waingereza hawaiiti "cut down on", wanaiita "thin out".

Sasa katibu arudi kijijini aseme "mnunuzi anasema tupunguze miti michanga." Kila kibarua wa Mufindi atachukua panga. Mtakuwa mmetafsiri sawasawa na mti umeanguka vilevile.

Mwambieni mwenye mashine hivi: mnunuzi anataka tupunguze KUVUNA miti michanga. Hapo hakuna atakayekosea.

#8 Msindano_Mmoja
Aisee Bwana_Miti. Kumbe mhazini alikuwa anauliza hicho hicho na sisi tukamwona analeta utani.

#9 Mbao_Mbichi
Yaani "cut down on" ni kupunguza, na kupunguza ni kukata. Si ndiyo nilichosema #2?

#10 Ticha_wa_Ipogolo
Hapana.

#11 Mama_Mtumba_Mwanjelwa
Mimi nipo Mwanjelwa, miti siijui, nguo naijua. #9 anataniwa bure. Mteja akinunua suruali ndefu namwambia nenda kwa fundi akupunguzie. Fundi atapunguza kwa nini kama si mkasi? Nenda saluni sema "nipunguze nywele" uone kama watakuangalia tu. Kwa Kiswahili kupunguza na kukata vinalala kitanda kimoja, msijifanye mmeshangaa.

Halafu kuna dada mmoja hununua jinzi za wanaume kwangu, anasema kwa Kiingereza zinakuwa "cut down" za mtoto. Ticha, hapo "on" iko wapi? Na ni kupunguza kabisa, suruali ya baba inakuwa ya mwana.

#12 Msomi_Uyole
Asante mama, umenitangulia. Hii sheria ya "on ndiyo inayobadilisha kila kitu" haisimami. Waingereza wanasema "cut down costs" na hata "cut our costs down", hakuna "on" na maana ni kupunguza gharama. Ripoti ya kurasa 40 ikifanywa 10 wanasema imekuwa "cut down". Na daktari anaweza kukuambia "you should cut down", akanyamaza hapo hapo, hakuna on, hakuna chochote mbele, na umeelewa ni sigara.

Mimi nasema kinachoamua ni kile kitu chenyewe. Kitu kilichosimama kikiwa "cut down" kinaanguka. Kitu kinachohesabika kwa wingi kikiwa "cut down" kinashuka. Mti umesimama, gharama zinahesabika. Tatizo la Mafinga ni kwamba miti inasimama NA inahesabika.

#13 Ticha_wa_Ipogolo
Msomi, hoja nzuri lakini umebadilisha uwanja. "Cut down costs" unakipunguza kile kitu, kama suruali ya Mama Mtumba. "Cut down on" unapunguza mazoea yako na hicho kitu: kukila, kukinywa, kukitumia, kukinunua. Ukisema "I cut down on meat" nyama buchani imebaki vilevile, wewe ndiye umepungua kwenye foleni. Ndiyo maana barua ya mnunuzi haiigusi miti yenyewe, inagusa tabia yenu ya kuikata.

#14 Msomi_Uyole
Na "cut down on costs"? Hiyo nayo ipo na watu wanaiandika kila siku. Gharama ni mazoea ya nani?

#15 Chapa_Nyuki
Ticha amekaa 🤣

#16 Tabibu_Kihesa
Naongezea kutoka upande wa hospitali maana hili neno tunakutana nalo kila siku. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mtu mzima ale chumvi chini ya gramu 5 kwa siku. Ukimweleza mgonjwa wa presha "punguza chumvi" anaenda nyumbani anapunguza kwenye mboga, halafu ugali anaulia dagaa wa chumvi.

Na upande wa pombe kuna maswali manne yanaitwa CAGE, maana yake kwa Kiingereza ni tundu au kizimba. Hiyo C ni "cut down" yenyewe. Swali la kwanza: umewahi kuona unapaswa kupunguza kunywa? Mengine ni kama watu wamekuudhi kwa kukulaumu, kama umewahi kujisikia una hatia, na kama umewahi kunywa asubuhi kitu cha kwanza ili utulie. Ukijibu ndiyo mawili au zaidi tunakaa kikao kirefu. Ni maswali ya Shirika la Afya Duniani hayo hayo.

Nilimuuliza mzee mmoja msimu wa ulanzi. Akanijibu, "Nimeshapunguza daktari, siku hizi nakunywa ya asubuhi tu."

#17 Kopo_la_Ulanzi
Mzee wetu aheshimiwe. Ulanzi wa asubuhi ni mtogwa, ule ni juisi.

#18 Sista_Wodi_4
Tabibu kazi nzuri, ila rekebisha kidogo. CAGE haikutoka Shirika la Afya Duniani. Ni ya daktari Mmarekani, John Ewing, makala yake ilitoka 1984. Ya Shirika inaitwa AUDIT na ina maswali kumi.

#19 Tabibu_Kihesa
Sawa sista, ndiyo hiyo.

#20 Pishi_la_Igawilo
Gramu 5 ni kijiko kimoja cha chakula?

#21 Sista_Wodi_4
Cha CHAI. Na hicho kinajumlisha chumvi yote ya siku nzima, ya dagaa, ya mkate, ya kachumbari. Cha chakula ni karibu mara tatu yake.

#22 Mjukuu_wa_Mwalimu
Mnagombana na "on" na "down" lakini shida ni kubwa kuliko hapo. Mwingereza ana kitenzi kimoja "cut" na anakibadilishia mkia. Cut down, cut off, cut out, cut up, cut in, cut back. Sisi kazi hiyo hiyo tunaifanya ndani ya neno: kata, katia, katika, katiza, katisha, katana. Mtu akisema "amekatisha tamaa" hakuna anayeuliza kisu kiko wapi. Sisi viungo vyetu vimo tumboni, vyao wameviacha nje vinaning'inia, ndiyo maana tunavijikwaa.

Na siyo sisi tu. Samuel Johnson, yule wa kamusi, aliandika mwaka 1955 kwamba vitenzi vyao hivi ndivyo vinavyowasumbua wageni kuliko vyote.

#23 Msomi_Uyole
1755 mkuu. Mwaka 1955 alikuwa keshakuwa udongo kitambo. Na lile jina lenyewe la vitenzi hivi, "phrasal verbs", limekuja baadaye sana. Logan Pearsall Smith alilichapisha 1925 akasema amepewa na Henry Bradley, mhariri wa kamusi ya Oxford. Yaani walikaa na tatizo miaka yote hiyo kabla hata ya kukubaliana waliite nini.

Ila hoja yako ya mnyambuliko siinunui yote. Katia na katisha zinafuata utaratibu, ukijua -ia unaijua kila mahali. "Down" haina adabu hiyo. "Write down" hakuna kinachopungua, wala hakuna kinachoanguka.

#24 Mjukuu_wa_Mwalimu
Utaratibu? "Kata" na "katia": nikatie tiketi, nikatie simu, nikatie muwa. Moja umeninunulia, moja umenikasirikia, moja umenilisha. Haya niambie utaratibu.

#25 Mama_Mtumba_Mwanjelwa
Na kukatia viuno je 🙈

#26 Chai_Tukuyu
Ndaga wote. Nimesoma uzi mzima sijaona mtu wa chai. Kwenye mashamba ya huku Rungwe neno linalotumika ni "cut back". Chai ukiiacha ni mti kabisa, inapanda juu hakuna mchumaji atakayeifikia. Kwa hiyo kila baada ya miaka michache inapogolewa, inarudishwa chini hadi vimebaki vijiti vitupu. Mgeni akipita anadhani shamba limeungua. Baadaye machipukizi yanakuja mengi kuliko mwanzo.

Ofisini nao wakiishiwa fedha wanasema "cut back", kupunguza matumizi. Vibarua wa mwisho kuajiriwa wanaondoka. Sasa chai ikiwa "cut back" inachipua, sisi tukiwa "cut back" hatuchipui. Tofauti ya "cut back on" na "cut down on" ni ipi? Au ni mapacha?

#27 Ticha_wa_Ipogolo
Karibu mapacha. Kwa chakula, sigara na pombe utasikia zaidi "cut down on". Kwa bajeti na matumizi ya serikali utasikia zaidi "cut back on". Lakini ukibadilisha hakuna atakayekukamata.

#28 Sista_Wodi_4
Mimi nimefanya kazi na Wamarekani, wao hata pombe wanasema "cut back".

#29 Roho_Mbaya_Makambako
Mnahangaika na sarufi, mngejiuliza kwa nini kaandika. Huyo anataka msikate sasa ili mwakani mkiwa na shida ya ada aje na bei yake. Nimeliona hilo sana hapa.

#30 Karani_wa_Mbao
Siyo lazima iwe ujanja. Ulaya walipitisha sheria mwaka 2023 kuhusu bidhaa zinazotokana na kufyeka misitu. Mbao zimo, kahawa imo, kakao imo. Labda mnunuzi anaogopa hiyo.

#31 Bwana_Miti
Karani, sheria hiyo inauliza kama ardhi ilikuwa msitu ukafyekwa baada ya 31 Desemba 2020. Haijali mti wako una umri gani. Shamba la kupandwa la tangu zamani haliathiriki kwa kukata mti mchanga.

Sababu ninayoiona mimi ni ya kawaida. Misindano ikikatwa michanga, ubao wake mwingi ni ule wa katikati ya mti, laini. Ukiuanika unajipinda kama mkia wa mbwa, na msumari haushiki vizuri. Wengi huku tunavuna mapema kwa sababu ada haisubiri, na mnunuzi anajua hilo, ndiyo maana kaiweka kwa upole na "please".

#32 Roho_Mbaya_Makambako
Upole wa mnunuzi unaisha kwenye mizani.

#33 Pishi_la_Igawilo
Kwani mkimuuliza mwenyewe mtapungukiwa nini?

#34 Ticha_wa_Ipogolo
Kupungukiwa! Hilo nalo liwekeni kwenye orodha.

#35 Msindano_Mmoja
Wakuu tumemuuliza. Katibu kaandika kwa Kiingereza chepesi: unataka tukate miti michanga mingi zaidi au michache zaidi? Kajibu usiku huu huu:

"Fewer, please. Half of last year. And cut out anything under 20 cm."

Mstari wa kwanza tumeelewana wote. Huo wa mwisho umewasha moto upya. Mwenyekiti anasema mnaona, "cut out", anataka ile midogo itolewe shambani. Katibu naye safari hii hana uhakika.

#36 Mbao_Mbichi
Mwenyekiti! Mwenyekiti!

#37 Ticha_wa_Ipogolo
"Cut out" kwenye mambo ya kutumia ni kuacha kabisa. "Cut down on sugar", punguza sukari. "Cut out sugar", usiiguse. Anasema mti wa chini ya sentimita 20 msimpelekee kabisa.

#38 Msomi_Uyole
Ticha safari hii nakuunga mkono nusu. "Cut out" ni pia kukata kitu na kukitoa mahali kilipo, kama picha gazetini au sehemu mbovu ya kiazi. Mtu wa misitu akiandika "cut out the small ones" anaweza kabisa kumaanisha ingia shambani uiondoe. Tunarudi kwenye kupunguza kwa Bwana_Miti.

#39 Bwana_Miti
Inawezekana zote mbili, sitabisha. Kwanza muulizeni hizo sentimita 20 zinapimwa wapi. Sisi tunapima unene wa mti usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Mnunuzi wa mbao anaweza kuwa anapima ncha nyembamba ya gogo lililoshalala. Mti mmoja, kipimo kimoja kinaupitisha na kingine kinaukataa. Hilo litawagharimu kuliko hiyo "out".

Kwa Jumatatu, fungeni mashine kwenye shamba la miti mikubwa. Hapo hakuna tafsiri yoyote itakayowaumiza.

#40 Msindano_Mmoja
Hilo tumelipitisha. Mwenye dingdong kashaambiwa. Shukrani wakuu. Ya vipimo namtumia mnunuzi asubuhi.

#41 Tela_Tunduma
Nimechelewa, nilikuwa nimekwama mzani. Wataalamu naomba na mimi mnisaidie la kwangu. Huku kwetu "down" ni kupunguza, sawa, bango linasema "slow down", napunguza mwendo. Sasa kuna dereva Mzambia tulikuwa tunafuatana kushuka Iwambi, ananipigia kelele dirishani "slow up! slow up!" Nikadhani anataka nichangamke. Nikakanyaga mafuta.

#42 Mama_Mtumba_Mwanjelwa
Mungu wangu. Ikawaje?

#43 Tela_Tunduma
Breki zilikuwa nzima. Ila tulipofika Mbalizi alishuka na rungu.

#44 Ticha_wa_Ipogolo
"Slow up" na "slow down" ni kitu kimoja, zote ni kupunguza mwendo.

#45 Mbao_Mbichi
Yaani juu na chini ni kitu kimoja?

#46 Msomi_Uyole
Nyumba ikiwa "burned down" imeungua. Karatasi ikiwa "burned up" imeungua. Endelea kuuliza.

#47 Tela_Tunduma
Basi mimi nitafuata taa za breki za aliye mbele.